Kitochi, simu ya mama au simu yake mwenyewe? Ulinganisho kwa mzazi wa Kigoma

Ubishi huu huzuka nyumbani kwa nyakati zinazojulikana: likizo ya Juni, likizo ya Desemba, na zaidi ya zote ile miezi baada ya mtihani wa kidato cha nne. Kijana anataka simu janja yake mwenyewe kwa sababu wenzake wote wanayo. Baba anaona kitochi kinatosha. Mama anasema, "Atatumia yangu, akimaliza arudishe." Hizo ndizo njia tatu tunazozilinganisha hapa, kwa kijana wa miaka 13 hadi 17. Hatupimi bei wala kamera. Tunapima usingizi wake, utulivu wa moyo wake, na kama ataweza kuja kukwambia siku mambo yakimharibikia mtandaoni.

Wapo wanaochagua njia ya nne, kumnyima kabisa. Kwa mtoto wa shule ya msingi tunaiunga mkono: WhatsApp, TikTok, Instagram, Facebook na Snapchat zenyewe zimeweka miaka 13 kuwa umri wa kuanzia. Kwa mkubwa wa hapo, kunyima kabisa mara nyingi huzaa simu ya kuazima. Anafungua akaunti kwenye simu ya rafiki kule Katubuka au Gungu, anasahau kutoka, na tangu siku hiyo mwenye simu anasoma kila kitu na anaweza kuandika kwa jina lake. Wewe unajua mtoto hana simu, kumbe ana akaunti inayosomwa na mwingine. Australia wameamua kwa sheria: tangu Desemba 10, 2025 kampuni za mitandao mikubwa zinatakiwa kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16, na adhabu inaiangukia kampuni, haimgusi mzazi wala mtoto. Huku kwetu kazi hiyo ni ya mzazi.

Kwanza, kinachoumiza hasa

Watu husema "mitandao inaharibu watoto" kana kwamba ni kitu kimoja. Kila programu huumiza kwa njia yake, na ukiijua njia yenyewe unajua ufunge mlango upi.

WhatsApp huumiza kupitia watu anaowajua. Chukua binti wa kidato cha pili pale Ujiji. Saa moja jioni anaweka picha kwenye status, kavaa gauni la Idi, nyuma yake ziwa linang'aa. Status hukaa saa 24, na humwonyesha aliyeiweka orodha ya walioitazama. Kufika saa mbili ameshahesabu majina kumi na nane. Rafiki yake wa dawati moja ameitazama, hakusema neno. Saa tatu rafiki huyo naye anaweka status, maandishi matupu: "Wengine wakivaa tu washajiona." Jina halikutajwa. Binti anajua ni yeye, darasa zima linajua ni yeye, na hakuna wa kumshtaki. Vijembe vilikuwepo tangu enzi za maandishi ya khanga, lakini cha khanga kiliishia uani. Hiki kinaingia naye chini ya shuka, na anaweza kukifungua mara kumi kabla ya usiku wa manane, kila mara kikimchoma upya.

TikTok na Instagram huumiza kupitia watu asiowajua. Mfumo wa kupendekeza video huangalia sana muda unaokaa kwenye video, hata kama hukubonyeza kuipenda. Kijana aliyeganda kwa sekunde ishirini kwenye video ya huzuni au ya kupunguza mwili huletewa nyingine ya aina hiyo, kisha nyingine. Ukikuta mtoto anatazama vitu vya kukatisha tamaa, usikimbilie kusema amekwenda kuvitafuta. Ashikilie kidole juu ya video na kuchagua kwamba hapendezwi nayo. Ikiwa ukurasa mzima umeshageuka, TikTok na Instagram zote zina sehemu kwenye mipangilio ya maudhui ya kufuta mapendekezo na kuanza upya. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na ni bora kuliko kufuta akaunti, maana atakayefutiwa kwa nguvu atafungua nyingine usiyoijua.

Snapchat ina kamba yake: idadi ya siku mfululizo ambazo wawili wametumiana picha. Mmoja asipotuma ndani ya saa 24, hesabu inakatika. Mtu mzima anaona mchezo, lakini kijana anayelala bila kutuma hujiona amemtupa rafiki.

Na zote kwa pamoja huumiza usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi shule anatakiwa awe usingizini ifikapo saa tatu na nusu usiku, na hizo ni saa nane tu, kima cha chini. Sasa weka pembeni yake bando za usiku, ambazo huwa za bei nafuu kwa sababu zinafanya kazi watu wakiwa wamelala. Mtoto mwenye shilingi chache hununua hiyo, na mzazi anamwona ni mtoto asiyependa matumizi. Asubuhi ana hasira, darasani anasinzia, jioni kila neno linamchoma, na nyumbani wanasema ni "umri". Kabla hujalaumu umri, tazama bando analonunua.

Mwaka 2023, Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa tahadhari kwamba vijana wanaokaa zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wana uwezekano maradufu wa kuwa na matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu, kwani wapo wanaoingia mtandaoni kwa sababu tayari wana huzuni. Kwa mzazi, saa 3 ni alama nzuri ya kusimama na kuuliza kuna nini.

Kitochi

Chaji inakaa siku kadhaa, kikianguka hakikuvunji moyo, na hakuna TikTok ndani yake. Kwa usingizi hakina mpinzani. Mtoto anayetembea mbali kwenda shule, au anayebaki na wadogo zake mama akiwa sokoni, anapata alichokihitaji: kupiga na kupigiwa.

Udhaifu wake uko kwenye upweke. Ratiba ya masomo ya ziada, maswali ya hesabu, tangazo la mazoezi ya mpira, vyote hupitia grupu la WhatsApp. Mwenye kitochi huambiwa kesho yake, na baada ya wiki kadhaa huacha hata kuuliza. Ukichagua kitochi, ingia wewe kwenye grupu hilo kwa simu yako na umsomee ya siku hiyo kila jioni. Usipofanya hivyo atarudi kwenye simu ya rafiki, na faida yote imepotea.

Angalia pia vile vitochi vya intaneti vilivyouzwa sana miaka ya nyuma kwa ahadi ya WhatsApp. Tangu Juni 2024 WhatsApp haipakuliki tena kwenye simu za mfumo wa KaiOS, hivyo atakayekuuzia leo kwa sababu hiyo anakuuzia kitochi cha kawaida kwa bei ya juu. Na kitochi hakizuii utapeli. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zinafika vilevile. Mfundishe kuipeleka namba ya tapeli kwenda 15040.

Simu ya mama

Kwa kidato cha kwanza na cha pili hii ndiyo tunayoipendekeza, na tunaipa nafasi zaidi kwa sababu ndiyo inayoharibiwa sana kwa uzembe mdogo mdogo.

Nguvu yake ni kwamba simu ina kazi nyingine. Mama anayenunua dagaa Kibirizi huondoka nayo alfajiri, wateja na miamala viko humo. Mtoto anaipata jioni, sebuleni, watu wakipita. Hakuna haja ya kufuli la kiteknolojia, maisha yenyewe yameweka mpaka. Usiku simu inarudi kwa mwenyewe.

Ubaya huja kwa njia tatu. Hela ndiyo ya kwanza. Wazazi wengi humwambia mtoto namba ya siri ili awatumie muamala. Siku mtoto akishawishiwa na mtu wa mtandaoni, akiba ya mtaji inaondoka. Badilisha namba ya siri leo, na mtoto akikusaidia kuandika, tarakimu nne za mwisho bonyeza mwenyewe.

Ya pili ni yale yanayoingia kwenye simu ya mtu mzima. Magrupu ya kina mama na ya mtaa huleta picha za ajali, za maiti, na mambo ya chumbani, nayo hujipakua yenyewe hadi kwenye picha za simu. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video, kwa data na kwa WiFi. Kisha ingia kwenye sehemu ya gumzo na uzime ile ya kuonyesha media kwenye matunzio ya simu. Watu huzima moja wakasahau ya pili.

Ya tatu ni siri. Mtoto akitumia akaunti ya mama atasoma ugomvi wa ukoo, na mama atasoma utani wa watoto. Wote wawili wataumia, na mtoto atajifunza kuficha. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ilitangaza kuruhusu akaunti mbili kwenye simu moja ya Android. Simu ikiwa na sehemu mbili za laini, weka laini ya pili na ufungue akaunti ya mtoto: gusa mshale ulio kando ya jina lako kwenye mipangilio, ongeza akaunti, thibitisha namba. Kisha kwenye faragha, sehemu ya magrupu, chagua kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye grupu ni walio kwenye orodha ya majina yake tu. Ikiachwa wazi, mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza kwenye grupu la watu wazima asiowajua.

Baada ya hapo, usisome meseji zake kwa siri. Mwambie mapema kwamba utaangalia orodha ya majina na magrupu pamoja naye, Jumamosi kwa mfano, na ushike neno hilo. Mzazi anayechungulia akikamatwa mara moja, hataambiwa kitu tena mwaka mzima.

Muda: dakika 60, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili jioni, baada ya kazi za shule. Zaidi ya hapo mama naye anaanza kukosa simu zake, na ugomvi utakaotokea ni wa simu wala si wa malezi.

Simu yake mwenyewe

Hii inafaa kidato cha tatu kwenda juu, na inahitaji maandalizi kabla hajaishika. Simu ikishakaa mfukoni mwake wiki mbili bila mipaka, kila mpaka utakaouweka baadaye ataupokea kama adhabu.

Anza na mwaka wa kuzaliwa. Watoto wengi wameandika mwaka wa uongo ili wakubaliwe, na hapo wanapoteza kinga zote. TikTok huwafungia walio chini ya miaka 16 ujumbe wa faragha na kuifanya akaunti yao kuwa ya faragha. Haitumi taarifa kwa wa miaka 13 hadi 15 kuanzia saa tatu usiku, na kwa wa 16 na 17 kuanzia saa nne. Tangu 2023 huwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, ingawa kijana mwenyewe anaweza kukipita kwa kuandika namba. Instagram ilianzisha akaunti za vijana Septemba 2024, zinazonyamazisha taarifa kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na aliye chini ya 16 hawezi kuzilegeza bila ruhusa ya mzazi. Aliyejiandika amezaliwa 1999 hapati hata moja ya hizo.

Kisha Family Link ya Google, ambayo ni bure. Unahitaji barua pepe ya Gmail ya kwako na ya kwake. Humo unaweka muda wa siku, saa ya simu kujifunga, na kuidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa. Ikijifunga bado anaweza kupokea simu na kupiga za dharura, kwa hiyo usiogope kwamba hutampata. Makosa yanayotokea ni mawili: mzazi anabadilisha saa wakati simu ya mtoto haina bando, mabadiliko hayafiki, naye anadhani programu ni mbovu, au mtoto ana akaunti nyingine ya Google iliyokuwemo tangu simu ikiwa ya mtu mwingine. Simu ya mkononi mwa mtu, yaani iliyokwishatumika, ifutwe yote kwanza.

Ile sehemu ya Nidhamu Dijitali iliyomo kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android ni nzuri kwa kuona ametumia dakika ngapi kwenye kila programu, ila kikomo chake mtoto anakiondoa mwenyewe. Itumieni kwa mazungumzo ya Jumamosi.

Kwa TikTok, fungua akaunti yako, nendeni wote kwenye mipangilio, sehemu ya Family Pairing, wewe uchague mzazi naye achague kijana, kisha uchanganue msimbo ulio kwenye skrini ya mwenzio. Hutasoma meseji zake. Utaweka muda na aina ya video.

Na GB WhatsApp iondoke. Vijana wanaipenda kwa sababu inaonyesha meseji zilizofutwa na kumficha anayetazama status. Si ya kampuni ya WhatsApp, inapakuliwa nje ya duka la Google, na WhatsApp hufungia namba zinazoitumia. Kuna jambo zito zaidi la kumweleza: kama yeye anaona yaliyofutwa, na wenzake wanaona yake. Picha aliyoituma na kuifuta baada ya sekunde tano haijafutika.

Laini utakayompa imesajiliwa kwa jina lako. Piga *106# uhakikishe ni namba zipi zipo kwenye kitambulisho chako.

| | Kitochi | Simu ya mama | Simu yake |
|---|---|---|---|
| Usingizi | Salama | Salama, ikirudi kwa mama | Hatarini kila siku |
| Urafiki na grupu la darasa | Anabaki nyuma | Anapata ya jioni | Anapata yote, na vijembe vyote |
| Maandalizi | Hakuna | Kama nusu saa | Saa mbili, kisha kila Jumamosi |
| Linaloharibika kwanza | Simu za kuazima | Namba ya siri ya hela | Mwaka wa kuzaliwa, bando la usiku |

Hali zinazobadilisha uamuzi

Aliyeko bweni hahitaji simu yake. Shuleni itamletea adhabu. Likizo apewe simu ya mama, na wiki ya kwanza mwongezee muda, maana ana miezi ya salamu za kujibu.

Aliyemaliza kidato cha nne ni suala jingine kabisa. Anamaliza Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Miezi hiyo haina kengele ya shule wala sababu ya kuamka, na ndiyo ambayo wazazi humnunulia simu kama zawadi. Mpe, lakini mpe na kazi yenye saa: duka, shamba la michikichi, kozi ya kompyuta, ufundi. Siku ya matokeo, yatazameni pamoja kwenye simu yako kabla hajafungua magrupu yake. Akishajua lake na kupata wa kukaa naye, "Division One" za wenzake kwenye status hazitamkuta peke yake chumbani.

Kijana ambaye tayari ana huzuni au anaonewa mtandaoni, usimnyang'anye simu ghafla. Huenda rafiki mmoja anayemtegemea yumo humo. Punguza usiku kwanza.

Kwa njia yoyote utakayochagua, amueni simu inalala wapi. Weka kikapu au kopo juu ya kabati sebuleni, na chaja iwe hapo hapo. Saa tatu usiku zote zinaingia, ya baba ikiwemo. Tunasisitiza ya baba kwa sababu sheria hii hufa hapo. Atakayesema anaihitaji kwa ajili ya alamu, mnunulieni saa ya mezani.

Dalili za kutosubiri

Ukiona kwa wiki mbili mfululizo amebadilika usingizi au kula, amejitenga na marafiki wa mtaani, amepoteza hamu ya alivyopenda, au anashtuka kila simu inapolia, kaa naye mkiwa wawili tu. Kama unahisi anafikiria kujidhuru, muulize wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Maweni ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga hata kwa kitochi.

Akitishwa na mtu mwenye picha zake za utupu, asilipe hata shilingi, maana anayelipwa mara moja hurudi. Msifute mazungumzo. Pigeni skrinishoti za namba, jina la akaunti na vitisho, kisha ndipo mumzuie, na mwende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Picha yenyewe usimtumie mtu yeyote, hata shangazi kwa nia ya kuomba ushauri, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kusambaza picha ya utupu ya mtoto kuwa kosa. Ikiwa picha imeshapandishwa au mnahofia itapandishwa, huduma ya bure ya Take It Down kwenye takeitdown.ncmec.org hutengeneza alama ya picha hiyo bila picha kutoka kwenye simu yenu, na Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.